Duka Limemeza Nyumba: Utatuzi wa Matatizo kwa Mwenye Biashara Ndogo

Mwongozo huu unamhusu mwenye duka la rejareja la mtaani, lile ambalo Dar es Salaam huitwa "kwa Mangi", yaani kwa Mchaga, hata kama mwenyewe ametoka Mtwara au Pemba: duka la unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni na mkate, lenye meza ya wakala wa pesa za simu pembeni. Mwenye saluni, mgahawa au duka la dawa ataona dalili zilezile, ingawa itambidi abadilishe hesabu ziendane na shughuli yake.

Wengi wanaotaka kurudisha muda wa familia huanza na ratiba. Huandika kwamba watafunga saa 2 usiku na Jumapili hawatafungua, kisha ndani ya wiki mbili ratiba imevunjika na wanajilaumu kwa kukosa nidhamu. Kwa maoni yangu lawama hiyo si ya haki. Katika duka dogo, saa ndefu huwa matokeo ya jambo jingine lililokaa chini yake, na mara nyingi jambo hilo ni pesa za duka na za nyumbani kuchanganyika. Mtu ambaye mtaji wake unapungua kila siku bila yeye kujua hawezi kufunga mapema, kwa kuwa kila saa ya kufunga anaiona kama hasara. Kwa hiyo dalili zimepangwa hapa kwa mpangilio wa kuzishughulikia: pesa kwanza, msaidizi baadaye, kisha simu, na saa za kazi baada ya hayo.

Kabla ya kugusa chochote: andika kwa wiki mbili

Tenga daftari moja dogo, tofauti na lile la madeni, na uandike mambo manne kila siku: saa uliyofungua, saa uliyofunga, mauzo ya kila kipindi cha saa mbili, na kila kitu kilichotoka dukani kwenda nyumbani, kiwe pesa au bidhaa. Mauzo ya kila saa mbili hayahitaji mashine. Inatosha kuhesabu droo saa 2 asubuhi, saa 4, saa 6 na kuendelea hivyo hadi kufunga, ukikumbuka kuongeza ulizotoa kununulia mzigo. Wiki moja haitoshi, kwa sababu wiki ya mwisho wa mwezi haifanani na ya katikati. Usibadilishe mwenendo wako wakati unaandika, hata kama unachokiona kinakukera.

Dalili ya kwanza: duka linauza, lakini nyumbani hakuna pesa na kila jioni kuna ugomvi

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote, kwa sababu haionekani kuwa tatizo la muda. Mwenza anaona wateja wamejaa dirishani, anajua droo haikai tupu, lakini akiomba ada ya shule anaambiwa asubiri. Mwenye duka naye anaona anafanya kazi kuliko mtu yeyote mtaani na bado anasimangwa. Wote wawili wanasema kweli.

Sababu huonekana mara tu hesabu inapoandikwa. Chukua mfano wa duka linalouza shilingi 300,000 kwa siku na kubaki na faida ghafi ya asilimia 12, yaani shilingi 36,000. Kwa siku 30 faida ghafi ni shilingi 1,080,000. Toa pango 150,000, mshahara wa msaidizi pamoja na mchango wa mwajiri katika NSSF 240,000, umeme wa LUKU 50,000, taka na ulinzi shirikishi 20,000, na akiba ya kodi 50,000. Jumla ya matumizi ni 510,000, na kinachobaki ni 570,000, sawa na shilingi 19,000 kwa siku. Hicho ndicho kipato halisi cha mwenye duka, si zile 300,000 anazozihesabu usiku akidhani ni zake.

Sasa fungua ukurasa wa vitu vilivyokwenda nyumbani. Asubuhi pesa ya mboga na nauli za watoto, shilingi 14,000. Mchana mtoto ametumwa kuchukua unga kilo mbili na mafuta ya kupima. Jioni sukari robo, sabuni, majani ya chai, na mkate wa kesho asubuhi. Bidhaa hizo, kwa bei ya kununulia, zimefika shilingi 10,000. Jumla ni 24,000 dhidi ya 19,000 zilizopatikana. Kila siku duka linakatwa shilingi 5,000 za mtaji, na kila mwezi shilingi 150,000, bila ya mtu yeyote kuiba wala kufuja. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wanazungumzia droo kama hii.

Hapo ndipo pesa inapogeuka kuwa muda. Mwenye duka anaona rafu zinapungua, hajui sababu, anahitimisha kwamba mauzo hayatoshi, na anaongeza saa moja usiku. Saa hiyo inamletea faida ya shilingi 1,000 au 2,000, inamgharimu chakula cha jioni na familia, na bado haizibi pengo la 5,000.

Suluhisho lina sehemu mbili ambazo haziwezi kutenganishwa. Ya kwanza ni mwenye duka kujilipa mshahara wa kiasi kinachojulikana, kwa siku inayojulikana, kutokana na hesabu ya mwezi uliopita na si matumaini ya mwezi ujao. Katika mfano wetu kiasi hicho hakiwezi kuzidi 570,000, na ni busara kiwe 500,000 ili duka lipate kukua kidogo. Ya pili ni nyumba kuwa mteja: chochote kinachochukuliwa rafuni kinaandikwa kwenye ukurasa wa nyumba na kukatwa katika mshahara huo mwisho wa mwezi. Msaidizi aelezwe kwamba hata mwenyewe akichukua soda, inaandikwa. Pesa za nyumba zikae mahali tofauti, katika laini nyingine ya simu, akaunti ya benki au hata kibubu, mradi zisilale katika droo moja na za duka.

Mazungumzo na mwenza ndiyo sehemu ngumu, na ningependelea yafanyike daftari likiwa mezani. Mwenye duka akisema tu kwamba "biashara ni ngumu", mwenza husikia udhuru. Akionyesha ukurasa wenye 19,000 upande mmoja na 24,000 upande wa pili, wanaanza kuzungumza juu ya kitu kimoja. Wapo wanaosita kumwonyesha mwenza hesabu kwa kuogopa maombi yataongezeka. Kwa kawaida mambo huwa kinyume chake, kwa kuwa anayeomba bila kujua mpaka ndiye anayeomba zaidi.

Dalili ya pili: huwezi kuondoka dukani hata nusu siku

Mtoto ana kikao cha wazazi shuleni, mzazi wako amelazwa, au umealikwa kwenye harusi ya ndugu, nawe unatoka ukiwa na wasiwasi, unapiga simu dukani mara kwa mara na kurudi kabla ya wakati. Sababu zinazowezekana ni tatu, na kila moja ina dawa yake, kwa hiyo usianze kutibu kabla ya kuzitofautisha.

Sababu ya kwanza ni kwamba duka limo kichwani mwako. Bei hazijaandikwa popote, hakuna anayejua nani anaruhusiwa kukopa, wala ni msambazaji yupi anayelipwa papo hapo. Ipime kwa kukaa nje ya duka saa mbili tu, simu ikiwa imezimwa, kisha muulize msaidizi alikwama wapi. Majibu yake ndiyo orodha ya mambo ya kuandika: bei zibandikwe ndani ya dirisha, na majina ya wanaokopeshwa yawe na kikomo cha kiasi mbele ya kila jina.

Sababu ya pili ni hofu ya kuibiwa isiyokuwa na kipimo. Mwenye duka anahisi kwamba akitoka anaibiwa, lakini ukimuuliza kiasi gani, hana jibu. Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa msaidizi mwaminifu anaweza kufukuzwa kwa upungufu ambao si wake. Angalia gunia la sukari la kilo 50. Kwa hesabu ya karatasi linatoa robo 200. Lakini anayepima kwa haraka, foleni ikiwa mbele yake, akizidisha gramu 5 tu katika kila robo, gunia hilohilo litatoa robo 196. Robo nne zimepotea bila mwizi, na kama mwenye duka mwenyewe ndiye aliyepima, hatazitafuta. Kama ni msaidizi, atamshuku. Mafuta ya kupima hupungua vivyo hivyo kwa kinachobaki kwenye ndoo na kinachomwagika, na mkate usiouzwa leo huuzwa kesho kwa bei ya hasara.

Ili kutofautisha, chagua bidhaa kumi zinazotoka haraka na uzihesabu asubuhi na jioni kwa siku sita: siku tatu unapouza mwenyewe na siku tatu anapouza msaidizi. Upungufu ukilingana, tatizo liko kwenye upimaji, na dawa ni kupima sukari, mchele na unga mapema katika vifuko wakati hakuna wateja, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Upungufu ukiwa mkubwa kwa msaidizi pekee, na hasa katika vitu visivyopimwa kama vocha, sigara na betri, basi umefika kwenye sababu ya tatu, yaani wizi halisi. Hapo kukaa dukani kutwa nzima si suluhisho, kwa maana unamlipa mtu mshahara huku ukifanya kazi ya kumlinda. Tafuta msaidizi mwingine.

Ukishaondoa shaka, jenga desturi ya makabidhiano. Anayeingia na anayetoka wanahesabu droo pamoja, wanahesabu zile bidhaa kumi, na wote wawili wanatia saini. Kazi hiyo haizidi robo saa. Kisha jizoeze kutoka kwa hatua: kwanza mchana mmoja kwa wiki, wakati wa mauzo madogo, baadaye siku nzima. Anayeanza kwa safari ya wiki nzima anajitafutia sababu ya kuacha zoezi.

Jambo moja zaidi linahusu ndugu aliyeletwa kutoka kijijini asaidie dukani kwa chakula na malazi. Mpango huo unaonekana wa bei nafuu na wa kuaminika, lakini mtu asiye na mshahara, asiye na siku ya mapumziko na anayelala stoo ana sababu zote za kujilipa mwenyewe kimyakimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku za kazi zisizozidi sita, mapumziko ya wiki ya angalau saa 24 mfululizo, na likizo ya mwaka ya siku 28. Undugu haumpunguzii uchovu. Mlipe, mpe siku yake, nawe utakuwa na haki ya kumdai hesabu.

Dalili ya tatu: simu inaita wakati wa kula, wakati wa kulala na wakati wa ibada

Tenganisha kwanza aina za simu zinazoingia. Kwa siku tatu, weka alama kwa kila simu au ujumbe wa baada ya saa 2 usiku: je, uliishia kwenye mauzo, ulikuwa wa deni, ulikuwa wa msambazaji, au ulikuwa wa mtu anayeuliza kama duka bado liko wazi? Sehemu kubwa huwa ni maswali ambayo kibao chenye saa za kazi kingeyajibu, au maombi ya mkopo ambayo yangesubiri asubuhi.

Dawa ya kawaida ni laini mbili, moja ya duka na moja ya familia, na ya duka ibaki katika simu inayozimwa duka likifungwa. Wasambazaji wapewe saa maalumu ya kupiga, kwa mfano kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Wenye madeni waliozoea kukupigia usiku kueleza kwa nini hawajalipa waambiwe waje dukani.

Uwakala una tabu yake, na unastahili maelezo marefu kidogo. Wakala anaendesha mali mbili zinazopishana: mteja akiweka pesa, taslimu inaongezeka mkononi mwake na floti (pesa zilizo ndani ya laini ya uwakala) inapungua; mteja akitoa, floti inaongezeka na taslimu inapungua. Mchana mzima pande hizo mbili zinavutana, na jioni upande mmoja huwa umekwisha. Hapo wakala huanza kumpigia wakala mwenzake, kukimbilia benki iliyokwisha kufungwa, au kumwamsha wakala mkuu. Usiku wake unaharibiwa na mzunguko ambao ungeweza kutabiriwa tangu asubuhi.

Daftari la wiki mbili litakuonyesha mwelekeo. Mishahara ikitoka, wateja wengi hutoa pesa, hivyo unahitaji taslimu ya kutosha siku hizo. Shule zikikaribia kufunguliwa, wengi huweka na kutuma, hivyo unahitaji floti. Andaa upande unaohitajika kabla ya saa 6 mchana, na uweke saa ya mwisho ya kufanya miamala, ambayo ningeipendekeza iwe saa 2 usiku hata kama duka linaendelea kuuza sukari na mkate. Sababu ya pili ya ukomo huo ni usalama, kwa vile mtu anayefunga duka usiku wa manane akiwa na taslimu ya siku nzima anajulikana kwa kila anayepita barabara ile. Kama msaidizi ndiye atakayeshika laini ya uwakala unapokuwa nyumbani, muachie floti ya kiasi ambacho kikipotea hakitaliangusha duka, na namba yako ya siri ya laini binafsi isiwe sehemu ya makabidhiano hata kidogo.

Kwa duka lililo mbele ya nyumba unayoishi, simu haina umuhimu mkubwa kuliko dirisha. Mteja anaona taa ya sebuleni, anajua upo, anapiga hodi saa 5 usiku akitaka panadoli mbili na kiberiti. Ukimfungulia mara moja kwa huruma, mtaa mzima utajua kwamba kufunga kwako si kufunga. Dirisha la duka liwe na taa yake peke yake, ikizimwa iwe ishara, na mlango wa ndani unaounganisha duka na sebule ufungwe kwa kufuli baada ya saa uliyotangaza. Ugonjwa wa jirani ni jambo jingine, na hakuna anayehitaji mwongozo kwa hilo.

Dalili ya nne: uchovu usiokwisha, na kuwafokea wateja na watoto

Anza kwa kuhesabu saa. Duka linalofunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku liko wazi saa 16 kwa siku, sawa na saa 112 kwa wiki. Msaidizi mmoja anayefuata sheria anabeba saa 45. Zilizobaki, saa 67, ni zako, kabla ya kuhesabu safari za kwenda kununua mzigo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la takriban asilimia 35 la hatari ya kiharusi na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa yake kuziba, kwa kulinganisha na saa 35 hadi 40. Sheria inamlinda msaidizi. Mwenye duka hana wa kumlinda.

Kisha tofautisha uchovu wa kazi na ugonjwa. Pumzika siku mbili kamili. Nguvu zikirudi, ni saa zilizozidi. Zisiporudi, nenda kituo cha afya upimwe shinikizo la damu, sukari, malaria na wingi wa damu, maana si kila uchovu wa mfanyabiashara unatokana na biashara. Kama vipimo ni vizuri na bado unalichukia duka, unawaona wateja kama usumbufu na huoni maana ya unachokifanya, hali hiyo inatambuliwa: tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeieleza katika orodha yake ya magonjwa kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, bila kuiita ugonjwa. Siku mbili za kupumzika haziitibu. Inahitaji kupunguza mzigo wenyewe.

Sasa ndipo ratiba inapofaa, kwa kuwa pesa zimetenganishwa na msaidizi anapimika. Rudi kwenye mauzo ya kila saa mbili. Maduka mengi ya mtaani huuza sana asubuhi, wakati wa mkate, maziwa na chenji za nauli, na jioni wakati wa kupika. Kati ya saa 8 na saa 10 mchana droo husogea kidogo tu. Funga saa hizo mbili, au mwachie msaidizi peke yake, na ufunge duka saa 3 badala ya saa 4 usiku. Ukizifunga kabisa, saa za duka zinashuka kutoka 112 hadi 91 kwa wiki, na zako kutoka 67 hadi 46. Kufunga mchana si jambo geni mwambao, ambako wapo wenye maduka wanaokwenda kuswali, kula na kujinyoosha kidogo kabla ya kurudi jioni, na wateja wao wanajua.

Hofu ya kupoteza wateja inastahili kupimwa badala ya kubishaniwa. Funga kwa mpangilio mpya mwezi mmoja na ulinganishe mauzo ya mwezi, si ya siku. Aliyezoea kununua sukari kwako saa 9 mchana atanunua saa 11, ilimradi akute umefungua kama ulivyoahidi. Kinachomhamisha mteja ni duka linalofungwa leo saa 2 na kesho saa 5. Ushahidi mkubwa zaidi uko wazi kila Desemba, wenye maduka wengi wa Dar es Salaam wenye asili ya Kilimanjaro wanapofunga na kupanda mabasi kwenda Moshi, Rombo na Machame kula sikukuu na wazee wao. Mtaa hulalamika kidogo, hutembea hadi duka la pili, na Januari hurudi.

Dalili ya tano: mwenye duka ni mwanamke, saa zimepunguzwa, na bado hapumziki

Hapa duka halina kosa. Mama anayefunga saa 3 usiku kisha akaanza kupika, kufua na kuwakagua watoto madaftari anafanya zamu mbili, na kupunguza saa za duka kunaongeza tu saa za nyumbani. Ipime kwa kuandika kazi za nyumbani za wiki moja na jina la anayeifanya kila moja. Kama jina ni moja tu kwenye ukurasa mzima, kinachotakiwa ni mgawanyo: baba achukue kazi zinazojulikana na za kila siku, watoto wakubwa wapewe zao, na kama kipato kinaruhusu, msaidizi wa nyumbani alipwe kutoka mshahara wa nyumba na si kutoka droo. Kuna kaya ambako mume huhesabu duka la mkewe kuwa "shughuli ndogo" hata linapolipa pango la nyumba. Huko daftari la hesabu husaidia kuliko maneno.

Dalili ya sita: misiba, harusi na michango

Hili ni fupi. Tenga kiasi cha mwezi cha michango katika mshahara wako, na kikiisha useme kimeisha. Msiba wa karibu ufunge duka na ubandike karatasi mlangoni. Hakuna mtaa unaomhama mwenye duka aliyekwenda kuzika, ila inayomkumbuka asiyekwenda ni mingi.

Dalili ya saba: kila miezi mitatu kuna wiki moja ya kuchanganyikiwa

Angalia kalenda. Kwa mfanyabiashara binafsi anayefuata mwaka wa kalenda, awamu nne za kodi ya mapato za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) huangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Asiyeweka akiba hukimbizana kutafuta pesa wiki hizo, na Desemba hukutana pia na sikukuu na, baada yake, ada za Januari. Zile shilingi 50,000 za mfano wetu zitengwe kila mwezi bila kuguswa, na ada za shule zigawanywe vivyo hivyo kwa miezi 12.

Ikiwa umefanya yote na hali haijabadilika

Baada ya miezi mitatu ya hesabu zilizotenganishwa, unaweza kugundua kwamba duka haliwezi kulipa mshahara wako, wa msaidizi na pango kwa pamoja, hata likifunguliwa saa 16. Hilo halitatuliwi kwa mpangilio wa muda. Fanya hesabu moja ya mwisho: gawanya kipato chako halisi cha mwezi kwa saa ulizofanya kazi. Mwenye 570,000 kwa saa 67 za wiki, takriban saa 290 za mwezi, anapata karibu shilingi 1,970 kwa saa. Linganisha na kile ambacho saa hizo zingekuletea katika kazi nyingine unayoiweza, au katika duka dogo zaidi lisilo na pango.

Ukiamua kufunga, anza na madeni, kwa sababu mdaiwa akijua duka linafungwa hulegea. Kusanya kwanza, bila kutangaza, kisha acha kuongeza bidhaa zinazotoka polepole na uuze zilizopo hadi rafu zipungue. Mpe msaidizi notisi na malipo yake yote ya mwisho, pamoja na likizo asiyoichukua. Mwenye nyumba umjulishe mapema, hasa kama pango hulipwa kwa miezi sita, ili usije ukalipa awamu nyingine kwa ajili ya chumba kitupu, na uende TRA na halmashauri kutoa taarifa kwamba umesitisha biashara, ili makadirio ya mwaka ujao yasitolewe kwa duka ambalo halipo.